Wimbo umefika, jina limebaki njiani

Na Mwandishi Wetu

*Wapenzi wa muziki wamezoea kugawana nyimbo na albamu kwa flashi na simu, na kwa kufanya hivyo wameokoa mengi. Lakini majina ya waliotunga, walioimba na waliopiga magitaa yanaachwa nyuma, na wanaoumia ni wasanii na familia zao.*

SIMAMA nusu saa kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo Kariakoo, Dar es Salaam, siku ya Jumamosi, uone muziki unavyohama siku hizi. Mteja anatoa flashi mfukoni, anaiweka kaunta na kusema anataka za zamani. Hataji wimbo wala bendi. Kijana wa kibanda anaichomeka kwenye kompyuta, anafungua folda iliyoandikwa Zilipendwa, anazichagua zote kwa mkupuo, na kabla chenji haijarudi kazi imekwisha.

Mteja akifika nyumbani anaichomeka ile flashi kwenye redio. Magitaa yanalia, tarumbeta zinaitikia, na wakubwa wa nyumba wanaanza kuimba bila kukosea hata neno. Ila kwenye kioo kidogo cha redio panasomeka Track 07. Wimbo unaofuata umeandikwa Sikinde Mix. Wa tatu umeandikwa Marijani, na anayeimba si Marijani Rajabu. Wa nne umeandikwa Msondo Ngoma, jina ambalo bendi haikuwa nalo siku wimbo huo uliporekodiwa.

Mtoto wa nyumba akiuliza nani anapiga solo hapo, wazee wanaanza kubishana. Kila mmoja ana jina lake na kila mmoja ana hakika. Faili lenyewe halina la kusema.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyimbo za dansi, taarab na hata albamu za mwanzo za Bongo Fleva zinagawanywa kwa wingi, na zinagawanywa kwa mapenzi. Kinachodondoka njiani ni habari zake: jina la mtunzi, bendi halisi, mwaka, albamu iliyotoka nayo, na mpangilio wa nyimbo kama wenyewe walivyoupanga.

Kwa msikilizaji hilo laweza kuonekana dogo. Kwa mjane wa mpiga gitaa, au mtoto wa mtunzi anayefuatilia mirabaha ya marehemu baba yake, ni jambo la haki na riziki.

Lebo ndogo, habari nyingi

Kugawana muziki hakukuanza na simu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, gramafoni walikuwa nayo wachache. Aliyekuwa nayo alisikiliza pamoja na majirani, watoto na wapita njia.

Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa zamu ya santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika tatu hadi nne tu, na bendi zetu hazikuwa na haraka hiyo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulikuwa na mashairi, ukageuza sahani upande wa pili kupata chemko, pale magitaa yanapofunguka na watu kuingia uwanjani.

Katikati ya sahani palibandikwa duara la karatasi lisilofika upana wa sentimita kumi. Juu ya karatasi hiyo paliandikwa jina la wimbo, chini yake mtunzi, kisha bendi, kampuni na namba ya toleo. Ukiazima santuri kwa rafiki, umeazima na hizo habari zote. Huwezi kuutenga muziki na lebo yake pasipo kuivunja sahani.

Nairobi ndiko zilikokuwa kampuni kubwa na viwanda vya kuchapa santuri. Polygram, AIT na duka la Melodica la mtaa wa Tom Mboya ni majina ambayo wapenzi wa rumba na benga wanayajua kama wanavyojua majina ya wanabendi. Bendi za Tanzania zilipanda basi kwenda huko kurekodi. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa, safari hizo zikawa ngumu hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alikuwa miongoni mwa waliosafiri hivyo. Akiwa na Morogoro Jazz alikwenda hadi Japan kwenye maonesho ya Osaka ya mwaka 1970, baadaye akaunda Super Volcano. Alifariki dunia kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baada ya kifo chake Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake katika santuri ndefu zilizopewa jina la Ukumbusho, zikatoka moja baada ya nyingine.

Kwa wasikilizaji wengi, hizo ndizo zilizowafundisha kusikiliza albamu. Upande mmoja wa santuri ndefu huchukua kama dakika ishirini, na nyimbo zinafuatana kwa mpango. Unakaa kitako, unasikiliza yote, unageuza.

> Ukiazima santuri kwa rafiki, umeazima na habari zake zote. Huwezi kuutenga muziki na lebo pasipo kuivunja sahani.

Shabiki alipogeuka mtunza kumbukumbu

Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania hazikupata bahati ya santuri. Zilirekodiwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa studio kuu nchini na redio pekee ya Tanzania Bara. Bendi iliingia studio, ikapiga, wimbo ukahifadhiwa kwenye kanda kubwa za magurudumu na kurushwa hewani. Dukani haukufika.

Aliyeupenda alikuwa na njia moja: kukaa na redio kaseti, kidole juu ya kitufe, akisubiri upigwe.

Waliokuwa vijana miaka ya 1980 wanaijua kazi hiyo kwa vidole vyao. Kanda ya dakika 60 ilikupa nusu saa kila upande. Ukishapata nyimbo ulizozitaka, ulivunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda ili mtu asije akarekodi juu yake. Ukibadili mawazo, uliziba matundu hayo kwa karatasi iliyotafunwa au kipande cha gundi, na kanda ikakubali kurekodi tena. Ndani ya kasha kulikuwa na kadi yenye mistari, na hapo shabiki aliandika kwa kalamu, upande A na upande B, jina la kila wimbo na bendi yake.

Wengi walichukia kitu kimoja: mtangazaji kuingilia kabla wimbo haujaisha. Leo sauti hiyo ina thamani. Kwenye kanda za nyumbani zilizobaki, mtangazaji ndiye anayesema bendi gani imepiga, na mara nyingine nani ametunga. Kuna nyimbo ambazo mpenzi wa dansi anazitambua kwa sababu tu kanda ya jirani ilinasa maneno machache ya mwisho.

Redio nayo ilikuwa mahali pa kuambiana unasikiliza nini. Kipindi cha Ugua Pole kiliwapelekea wagonjwa hospitalini salamu na wimbo. Wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya ndugu na rafiki, wakachagua wimbo, wakaziposti. Kenya mambo yalikuwa hayohayo, na hadi miaka ya karibuni kipindi cha Roga Roga cha Radio Citizen kimewakusanya wapenzi wa rumba kila Jumamosi. Anayeomba wimbo hutaja jina la wimbo na la mwanamuziki. Asipotaja, mtangazaji humtajia.

Kanda ndiyo ilikuwa albamu yetu

Sheria ya mwaka 1993 ilipofungua milango ya redio binafsi, na Radio One kuanza kurusha matangazo mwaka 1994, kilio cha kukosa studio kilianza kupungua. Wasanii wakaanza kutoa kanda zao za dukani. Taarab ya kisasa ilijaza maduka. Kwa kuwa wimbo mmoja wa taarab waweza kuchukua dakika kumi na zaidi, kanda nzima ilikuwa na nyimbo chache tu, na ushindani wa mipasho baina ya makundi ya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, ulifuatiliwa kanda kwa kanda. Mtu hakuelewa jibu kama hakusikiliza swali.

Kisha wakaja vijana wa Bongo Fleva. Mr II alitoa Ndani ya Bongo mwaka 1996. Hard Blasters walitoa Funga Kazi mwaka 2000, na mwaka uliofuata Professor Jay, aliyetoka kundi hilo, akatoa Machozi Jasho na Damu. Juma Nature alitoa Nini Chanzo mwaka huohuo wa 2001. Lady Jaydee alifuatisha albamu yake ya kwanza, Machozi, na Binti mwaka 2003.

Mashabiki wa wakati huo hawakununua wimbo mmoja. Walinunua kanda, wakasoma kava: nyimbo zote kwa mpangilio, studio ipi, mtayarishaji nani, wageni walioshirikishwa, na orodha ndefu ya shukrani. Kwa kusoma kava ndipo wengi walipojua kazi ya P-Funk Majani wa Bongo Records na Master Jay wa MJ Records. Majina ya watu waliokaa nyuma ya mashine yalijulikana kwa sababu yaliandikwa.

Kuchomwa kwa CD kulivunja utaratibu huo. CD moja ya MP3 ilibeba nyimbo zaidi ya mia za wasanii tofauti, ikauzwa barabarani kwa bei ya chini kuliko kanda moja halali. Soko la albamu lilianguka, na wasanii wakageukia wimbo mmoja mmoja wa kupigwa redioni, kwa kuwa fedha ilihamia kwenye maonesho.

Miaka ya karibuni albamu imerudi. Diamond Platnumz alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018. Mwaka 2020 Harmonize alitoa Afro East na Sauti Sol wa Kenya wakatoa Midnight Train. Mwaka 2021, ambapo Spotify ilifungua huduma Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika, Ali Kiba alitoa Only One King. Mijadala ya ipi kali na ipi ya kawaida imerudi pia, kwenye magenge, saluni na simu. Hiyo ni habari njema kwa kila anayependa muziki usikilizwe kwa ukamilifu wake.

Bendi moja, majina manne

Anayedhani majina ni mapambo aiangalie historia ya bendi zetu zenyewe.

NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Miaka ya 1990 ikaitwa OTTU Jazz. Baadaye ikawa Msondo Ngoma, jina lililotokana na mtindo wake. Ni bendi moja iliyopita mikono ya wanamuziki wengi, na kila jina lina kipindi chake. Faili likiandikwa Msondo tu, limefunika miaka mingi ya kazi za watu tofauti.

Mfuate sasa mwimbaji mmoja. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu mwanzo wake. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, bendi ambayo baadaye ilichukuliwa na shirika la DDC na ambayo mashabiki wanaiita Sikinde. Katikati ya miaka ya 1980 akahamia Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwa kina Msondo. Alifariki dunia mwaka 2014. Sauti yake imo kwenye nyimbo za bendi zilizokuwa mahasimu wa kugombea mashabiki. Bila mwaka na jina la bendi, huwezi kujua alikuwa anaimba upande gani.

Au chukua familia ya Wanyika. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakavuka mpaka na kuijenga Simba Wanyika nchini Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitoa wakaunda Les Wanyika, akiwamo mpiga gitaa Omar Shabani. Sina Makosa ni wimbo wa Les Wanyika. Hata hivyo mara ngapi umeuona kwenye simu ya mtu ukiwa umeandikwa Simba Wanyika? Kosa la neno moja limeinyang'anya bendi moja wimbo wake mkubwa na kuipa nyingine.

Upande wa benga, D.O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa Shirati, Tanzania, akafanya kazi yake karibu yote Kenya hadi alipofariki kwa ajali mwaka 2006. Shabiki asiyejua hilo hawezi kueleza kwa nini bendi ya Kenya imebeba jina la mji wa mkoani Mara.

Na yupo Malaika. Wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba na hata kundi la Boney M, na ubishi wa nani hasa aliutunga umewazika wahusika bila kumalizika. Wapo wanaosimama na Fadhili William, aliyeurekodi Kenya, na wapo wanaomtaja Adam Salim. Kumbukumbu ikikosekana mwanzoni, hata mahakama ya historia hukosa shahidi.

> Kosa la neno moja limeinyang'anya bendi moja wimbo wake mkubwa na kuipa nyingine.

Wanaogawa: "Tungekaa kimya, vingepotea"

Wanaogawa nyimbo za zamani wana hoja nzito, na ni haki isikike.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba wimbo ambao haukuuzwa kamwe hauwezi kuibwa dukani. Kanda za RTD zilikaa kwenye rafu za redio. Kama si mashabiki waliorekodi majumbani, wakanakili kwa ndugu, wakahamishia kwenye kompyuta, watu wa leo wangesikia simulizi tu.

Ya pili ni kwamba kugawana kumevunja ukuta ambao redio ilijenga. Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala, wimbo uliohimiza kinga dhidi ya UKIMWI, haukupewa nafasi redioni. Ulifika kwa watu kwa ukumbi na kwa kanda, na ujumbe ukaenea katika wakati ambao ulihitajika mno.

Ya tatu inahusu wageni. Baadhi ya matoleo bora ya muziki wetu yametoka nje: mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, Kenya Special ya Soundway ya London mwaka 2013, na mengine. Matoleo ya aina hii yanawezekana kwa sababu kuna watu walizitunza santuri na kanda wakati wengine wakizitupa. Nairobi, kwenye soko la Kenyatta, katikati ya nyama choma na wasusi, wapenzi wa santuri bado wanajua kibanda cha kwenda kuchambua sahani za zamani. Wanaokaa hapo siku nzima wakilinganisha matoleo wanafanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na makumbusho.

Wasanii: "Mapenzi hayanunui unga"

Upande wa pili wako wenye kazi. Wanamuziki wa dansi waliozeeka wamelalamika miaka nenda rudi kwamba nyimbo zao zinapigwa kwenye baa, mabasi na harusi huku wao wakikosa hata nauli ya kwenda hospitali. Kwao, neno zilipendwa linauma: kilichopendwa hivyo kilipaswa kumtunza aliyekitengeneza.

Sheria ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na chombo cha hakimiliki, COSOTA, kinaisimamia. Zanzibar ina sheria yake na chombo chake, COSOZA. Chini ya sheria ya Bara, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50.

Piga hesabu uone. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, kwa hiyo tungo zake zimekwisha kutoka kwenye ulinzi huo. Kwa Mbaraka Mwinshehe, familia ina hadi mwisho wa mwaka 2029. Kwa Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, ni hadi 2045. Kwa Remmy Ongala, aliyefariki mwaka 2010, ni hadi 2060. Rekodi za miaka ya mwanzo ya 1970 zenyewe zimekwisha kufika au kuvuka miaka yao 50.

Saa inakwenda, na kila mwaka unaopita wimbo ukiwa hauna jina ni mwaka ambao mwenyewe hakulipwa.

Mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni. Lakini fedha hufuata jina. Mtangazaji akicheza Track 07, ataandika nini kwenye orodha yake? Mtandaoni ni vivyo hivyo: malipo huenda kwa aliyetajwa wakati wimbo unapopakiwa. Mtu baki akiupakia kwa jina la "Zilipendwa Bora", chochote kitakachopatikana kitamfikia yeye, na mpiga gitaa mwenyewe hatajua kwamba amesikilizwa.

> Fedha hufuata jina. Mtangazaji akicheza Track 07, ataandika nini kwenye orodha yake?

Kizazi cha bando

Vijana wanaosikiliza kwa simu wana lao. Wanasema wako tayari kusikiliza kihalali, na wengi wanafanya hivyo, ila bando ni ghali kwa anayetaka albamu nzima, na muziki wa zamani wanaoupata mtandaoni umechanganywa ovyo. Unakuta mkusanyiko wa bendi moja una nyimbo za bendi mbili. Mwaka unaoonyeshwa ni ule wa kupakiwa, hivyo wimbo wa enzi za Mwalimu Nyerere unaonekana umetoka juzi.

Hawana kosa. Mtu hawezi kuheshimu jina ambalo hajaonyeshwa. Na pale wanapoonyeshwa, wanashika haraka: ni wao wanaojua mtayarishaji wa kila wimbo wa singeli na kila albamu ya sasa, kwa kuwa habari hizo wanazipata.

Nini kifanyike

Baada ya kusikiliza pande zote, msimamo wa makala hii ni huu: kugawana kuendelee, lakini wimbo usitoke mkononi mwa shabiki bila jina lake. Na kilichopo sokoni kinunuliwe, kisigawiwe bure.

Kwa shabiki, kazi si kubwa. Kabla ya kurusha wimbo, badili jina la faili. Andika wimbo, bendi, mtunzi, mwimbaji na mwaka. Usilolijua, liache wazi, wala usibahatishe, maana kubahatisha ndiko kulikompa Marijani nyimbo zisizo zake. Kama una kava au lebo, ipige picha na kuituma pamoja na nyimbo. Kama unayo albamu kamili, itume kwa mpangilio wake, upande A kisha upande B.

Wenye kanda za nyumbani wasikate sauti ya mtangazaji wanapozihamishia kwenye kompyuta. Sauti hiyo ni ushahidi.

Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa wataje mtunzi kabla ya kila wimbo, kama walivyofanya waliowatangulia. Shirika la utangazaji la TBC, lililorithi kanda za RTD, lichapishe orodha ya kilichomo: wimbo, bendi, tarehe ya kurekodi. Orodha peke yake, hata kabla ya muziki kuwekwa wazi, ingemaliza ubishi mwingi na kuzipa familia mahali pa kuanzia madai yao.

Na wale wanamuziki wa enzi hizo ambao bado wako nasi wafuatwe sasa, wakiwa na nguvu ya kukumbuka. Mpigie wimbo, muulize nani yumo, andika. Mpiga besi na mpiga tumba hawakuwahi kutajwa hata kwenye lebo za santuri, na hakuna mwingine atakayewataja isipokuwa waliokuwa nao studio.

ALBAMU TANO ZA KUMPA RAFIKI, NA MAJINA YAKE

Ngoma Iko Huko. Salum Abdallah na Cuban Marimba wa Morogoro. Nyimbo za mwaka 1955 hadi 1965, toleo la Dizim Records. Hapa utasikia Cuba ikipita Morogoro na kuvaa Kiswahili.

Sikinde. Mlimani Park Orchestra, Africassette ya Marekani, 1994. Sikiliza waimbaji wanavyopokezana na tarumbeta zinavyowajibu. Ni mahali pazuri kwa kijana kuanzia dansi.

Songs for the Poor Man. Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, Real World, 1989. Ilirekodiwa Uingereza na kulifikisha dansi la Dar es Salaam kwa wasikilizaji wa dunia.

Zanzibara 1. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1905. Buda Musique ilitoa albamu hii klabu ilipotimiza miaka mia moja. Itafutie muda wa utulivu, usiirukishe.

Machozi Jasho na Damu. Professor Jay, 2001. Humo mna Ndiyo Mzee, wimbo uliowafanya hata wazazi waliopinga rap wakae wasikilize.